IntelliJ IDEA kwa anayeandika Java yenye urithi

Kama mradi wako wa Java una klasi zinazorithiana, IntelliJ IDEA ya JetBrains, programu ya kuandikia msimbo, inafaa kuwa nayo, na yote yaliyotajwa hapa yamo kwenye sehemu isiyolipiwa. Vitufe ni vya Windows na Linux.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye Ctrl+O. Weka kishale ndani ya klasi mtoto, bonyeza, na utaona orodha ya methodi (vitendo vya klasi) za mzazi unazoweza kuziandika upya. Chagua moja, programu inakuandikia kichwa chake (jina na vigezo) bila kukosea, `@Override` ikiwa juu yake, yaani alama ya kwamba methodi hii inaandika upya ya mzazi. Usidharau hilo. Wanaoandika kwa mkono wengi wakitaka kuandika upya `equals`, methodi ya kulinganisha vitu, huishia na `equals(Mwanafunzi m)`, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inapokea bila kulalamika, kwa kuwa hiyo ni methodi nyingine yenye jina lilelile. Ya `Object`, klasi mzazi wa zote, hupokea `Object`, na ndiyo `ArrayList`, yaani orodha ya Java, huiita. Basi unatafuta mwanafunzi kwa `contains`, unajibiwa `false` ilhali yumo. Ukiweka `@Override`, kosa linakataliwa hapohapo. Kwa `equals`, afadhali Alt+Insert, maana huitengeneza pamoja na `hashCode`, methodi inayotoa namba ya kukitafutia kitu. Bila hiyo ya pili, `HashSet`, mkusanyo unaotegemea namba hiyo, itakusumbua vilevile.

Ctrl+H huonyesha ukoo mzima wa klasi, Ctrl+U hukupandisha kwenye methodi ya mzazi, Ctrl+Alt+B hukushusha kwa watoto. Ni vyepesi, na vinazoeleka haraka.

Kuna kosa moja ambalo `@Override` hailizuii: konstrakta ya mzazi (sehemu inayojenga kitu kipya) kuita methodi ambayo mtoto ameiandika upya. Mzazi hujengwa kwanza, kwa hiyo hata orodha ya mtoto uliyoipa `new ArrayList<>()` palepale ilipotangazwa bado ni `null` (haijapewa kitu), na programu inaanguka kwa `NullPointerException`. IDEA ina ukaguzi wa jambo hili. Ingia Settings, Editor, Inspections, tafuta `overridable`, na uhakikishe umewekewa tiki. Kwa uzito wa kosa lenyewe, ukaguzi huu haufai kukosa kwenye mradi wowote.

Ubaya wake ni uzito. Kwenye RAM ya GB 4 inachechemea, hasa inaposoma mradi mkubwa kwa mara ya kwanza. Mwenye mashine ya namna hiyo atumie kihariri chepesi, aandike `@Override` mwenyewe kila inapostahili, na `javac`, kompaila ya Java, itamkamatia makosa yaleyale ya kichwa cha methodi.