Nilipeleka maswali ya plazma kuchapwa, yakarudi yameharibiwa

Kama una kazi yenye hesabu ndani yake, usiipeleke kwenye ile steshenari ya karibu na Kabwe, hapa Mbeya. Nimeshalala na hasira hii na nimeamka nayo, kwa hiyo msinitake niseme taratibu.

Kwenye flashi nilikuwa na maswali ya utangulizi wa fizikia ya plazma (gesi ambayo elektroni zimeachana na atomi zake), yale tunayoyafanya jioni na kikundi chetu. Nilitaka yatoke kwenye karatasi kama yalivyo, yabaindiwe kwa spiral, basi. Kijana wa kompyuta, bila kuniuliza, akanyofoa maandishi kwenye PDF akayabandika kwenye Word ili kurasa zipungue. Vipeo vyote vikashuka. Palipokuwa na 10¹² pakawa 1012. Herufi za Kigiriki zikageuka vibox vitupu.

Asiyesoma mambo haya ataona ni kijinamba tu kimeteleza. Swali la kwanza linahusu ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za chaji. Linataka urefu wa Debye, yaani ule umbali ambao ukiweka chaji chanya ndani ya plazma, elektroni zinaizingira na kuifunika mpaka zilizo mbali haziihisi tena. Unachukua elektroni 10¹² kwa kila mita ya ujazo, joto la elektronivolti 0.1 (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa joto), unapata kama milimita 2.3. Mwenzetu aliyeiamini karatasi alipata mita 74. Na kinachoniuma zaidi, jibu hilo halijitangazi kuwa bovu. Mita 74 bado ni ndogo mbele ya tabaka lenye unene wa mamia ya kilomita, na ukihesabu chembe ndani ya tufe la Debye, tufe ambalo nusu kipenyo chake ni urefu huo, zinapita bilioni moja, kwa hiyo masharti hayo mawili ya kuitwa plazma yanatimia. Unaweka tiki, unaendelea na swali linalofuata.

Tulishtuka tulipofika kwenye masafa ya plazma, mara ngapi kwa sekunde elektroni zinatikisika. Kanuni ya haraka ni 9 mara kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni kwa mita ya ujazo, jibu ni hezi. Jibu halali: megahezi 9. Jibu la karatasi yao: hezi 286. Mawimbi ya redio yenye masafa makubwa mno kuliko ya plazma hayarudishwi nayo: kwa hezi 286, mawimbi ya masafa mafupi yangepenya yote juu yasirudi, na wazee wetu kule Rungwe wasingesikia Idhaa ya Kiswahili ya BBC miaka yote ile. Anga ndilo lililokuwa linawarudishia.

Nikarudi dukani, nikamfungulia yule kijana ukurasa. Hakuutazama.

"Dada, sisi tunachapa, hatufundishi. Vijinamba si vipo vyote?"

Mbele ya foleni nzima. Nikamwambia, kaka, vipo ila vimeshuka chini, maana yake imebadilika. Akacheka, akamgeukia mteja aliyefuata aliyetaka paspoti saizi.

Haki itendeke: karatasi yao ni nzuri, wino haushiki mkononi, na dada anayebaindi alinipa pole na kazi yake ni safi. Ukiwa na barua au CV, nadhani utatoka salama. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili.

Ila nikiyafikiria maswali yenyewe, roho inachafuka upya. Ni matamu mno! Kuna lile la elektroni kwenye uga wa sumaku: ukiiongezea mwendo, duara linapanuka, lakini muda wa kuzunguka unabaki uleule mradi usikaribie mwendo wa mwanga, mizunguko bilioni 28 kwa sekunde kwenye tesla moja (kipimo cha nguvu ya sumaku). Siku lilipokubali kichwani ilikuwa usiku, baridi ya Mbeya mnaijua, nikamwamsha mwenzangu wa chumbani nimwonyeshe. Tulikaa tumejifunika mablanketi tukichora miduara mpaka chaji ya simu iliyokuwa inatumulikia ikaisha. Maswali ya namna hiyo mtu anayakatakata ili aokoe karatasi chache?

Zile nyota mbili nazifuta. Moja, na hiyo ni ya dada wa kubaindi.

Faili ninalo bado. Wakilichapa upya kama lilivyo, bila kunidai hela nyingine, nitarudi kuandika hivyo hapahapa. Ila yule kijana asiishike kazi yangu tena.