Nimemaliza kitabu cha Paddy Ashdown: komandoo, kiongozi wa upinzani, halafu mtumbuaji wa Bosnia

Wakuu, nimemaliza A Fortunate Life, kitabu cha maisha ya Paddy Ashdown alichoandika mwenyewe, kilitoka 2009. Mimi nimechukua nakala ya mtumba maana bei ya mpya ilinishinda, jalada limechakaa na mwenye nacho wa kwanza kachorachora na penseli pembeni, hasa kurasa za Bosnia, inaonekana hakukubaliana nae sehemu nyingi, ila kurasa zote zipo. Nakipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Kwa wasiomjua, huyu ni mwanajeshi wa Uingereza aliyekuja kuongoza chama cha Liberal Democrats miaka 11 halafu akapelekwa Bosnia kuwa mkubwa wa nchi isiyo yake. Kazaliwa New Delhi 1941, baba afisa wa jeshi la India ya Waingereza, baada ya vita familia ikahamia Ireland ya Kaskazini kufuga nguruwe, baba mkatoliki mama mprotestanti, na huko unajua mambo ya dini yalivyo. Jina lake ni Jeremy, hilo la Paddy alibandikwa shuleni Uingereza sababu ya lafudhi yake ya Kiairish likagoma kutoka mpaka anakufa.

Sehemu ya jeshi inasomeka haraka sana. Kaingia Royal Marines 1959 katoka 1972, kapigana Borneo wakati wa ule ugomvi wa Indonesia na Malaysia, kawa kamanda wa kikosi kimoja cha SBS yani wale makomandoo wa majini wanaotoka kwenye nyambizi usiku. (Royal Marines kwetu Dar sio wageni, wazee watakumbuka Januari 1964 kikosi chao cha 45 Commando kilivyoshuka na helikopta Colito, Lugalo ya leo, kuzima maasi ya Tanganyika Rifles baada ya Mwalimu kuomba msaada.) Halafu jeshi likampeleka Hong Kong kusoma Kichina, akakisoma kweli mpaka kuwa mkalimani. Kilichonigusa zaidi ni 1970 pale anapotumwa Belfast na wanajeshi wake, anapiga doria na silaha mji ambao amekulia jirani yake tu. Hapo kwangu ndio unaona siasa inaanza kumuingia.

Akaacha jeshi akaenda Geneva, kwenye makaratasi ni mwanadiplomasia ubalozi wa Uingereza kwenye Umoja wa Mataifa, ila inajulikana siku nyingi kwamba alikua pia jasusi wa MI6. Usinunue kitabu kwa ajili ya stori za ujasusi, mzee anajua kufunga mdomo.

Sasa utamu wenyewe. 1976 jamaa ana nyumba nzuri pembeni ya ziwa Geneva, mshahara mnono, watoto wadogo wawili, anaacha vyote anarudi Yeovil kwa kina mke wake kugombea ubunge kupitia Liberal, chama ambacho jimbo hilo kilikua cha tatu na Conservative wamekalia kiti tangu kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Mimi ningekua shemeji yake ningeitisha kikao cha familia. 1979 akashindwa ila akasogea namba mbili, katikati hapo akafanya kazi kiwandani, akakosa ajira kabisa, akapata kibarua cha kushughulika na vijana halmashauri ya Dorset, huku kila jioni anagonga milango ya watu. 1983 akashinda. Ndugu zangu mnaotaka ubunge kwa kuonekana jimboni mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, hizi kurasa someni mara mbili.

Chama alichokabidhiwa 1988 kilikua hoi. Liberal na SDP, chama kingine kidogo, walikua wameungana juzi tu kuunda kile kilichokuja kuitwa Liberal Democrats, hela hakuna, jina lenyewe wanagombania, uchaguzi wa Ulaya 1989 wakapata kama asilimia 6 wakapitwa hadi na Greens, chama cha mazingira, na kuna kura ya maoni moja chama kiliwekewa alama ya kinyota tu, maana yake wafuasi ni wachache kiasi kwamba hawapimiki. Kutoka pale mpaka 1997 ndio somo la upinzani kwangu mimi. Angalia hii: 1992 walipata asilimia 17.8 ya kura na wabunge 20, 1997 kura zikashuka mpaka 16.8 lakini wabunge wakawa 46! Walichagua majimbo yanayoshindika wakamwaga nguvu zote huko, kwingine wakaweka jina tu kwenye karatasi, na wapiga kura wenyewe walishachoka na Conservative waliokua madarakani wakawa wanampa kura yeyote mwenye uwezo wa kumng'oa. Wapinzani wa kwetu wanaosimamisha mtu kila kona halafu wanalia wangeipitia hesabu hii.

Kuna na ile kashfa ya 1992, nyaraka iliibiwa ofisini kwa wakili wake ikionyesha miaka mitano nyuma alitoka na sekretari wake, akaita waandishi akakiri mwenyewe kabla hajaanikwa, na cha ajabu umaarufu ukapanda. Mke akabaki nae. Mi hapo sina comenti.

Mazungumzo yake ya siri na Tony Blair, kiongozi wa Labour, ndio yananichosha. Alitaka wagawane serikali na mfumo wa kura ubadilishwe, Blair akashinda kwa wingi wa viti 179 akawa hana shida na mtu, ripoti ya Jenkins ya 1998 iliyopendekeza mfumo huo ubadilishwe ikaishia kabatini. Ashdown akaachia uongozi 1999. Vikao ni vingi mno, ruka.

Bosnia sasa. Anaanzia mbali, 1992 vita ya Bosnia ikiwa imeanza alienda mwenyewe kuona kambi walikofungiwa Waislamu, na 1995 kwenye dhifa London alikaa karibu na Rais Tuđman wa Croatia, akamuuliza ramani ya eneo hilo miaka kumi ijayo itakuaje, Tuđman akachukua menyu akachora mstari akaonyesha Bosnia inavyogawanywa kati ya Croatia na Serbia. Ashdown akaitia mfukoni ile menyu, baadae ikawa ushahidi mahakama ya uhalifu wa kivita ya The Hague. Hiyo akili ya kijeshi ya kubeba kila kitu naipenda sana.

Mei 2002 mpaka Januari 2006 akawa Mwakilishi Mkuu kule, yani msimamizi aliyewekwa na mataifa ya nje baada ya vita. Nchi ina marais watatu wanaopokezana kila miezi 8, lakini yeye juu yao ana mamlaka ya kupitisha sheria na kufukuza aliyechaguliwa na wananchi, hakuna rufaa. Juni 30, 2004 akatumbua karibu watu 60 wa upande wa Waserbia kwa siku moja, akiwemo spika wa bunge lao, kisa Karadžić, kiongozi wao wa wakati wa vita aliyekua anatafutwa kwa uhalifu wa kivita, hakamatwi. (Alikuja kukamatwa Belgrade 2008, ndevu kama nabii, jina lingine, anafanya kazi ya mtaalamu wa tiba mbadala.) 2005 akamtumbua hadi mmoja wa wale marais watatu. Kaunganisha majeshi yaliyokua yanauana, VAT ya asilimia 17 ikaanza Januari 2006, lakini polisi kuwaunganisha kukamshinda.

Nyota imepotelea hapa. Mtu aliyepigania maisha yake yote kura ya mwananchi iheshimiwe, kazi kubwa kuliko zote kaifanya bila kupigiwa kura hata moja na anafuta kura za wengine kwa sahihi, nilitegemea alikalie hili swali, yeye anajitetea kuwa hali ilidai halafu anasonga mbele. Penseli ya mwenzangu pembeni hapo imekoleza mpaka karatasi imetoboka.

Kwa sababu ni cha 2009 hamna ile ya 2015, alipoambiwa live kwenye TV chama kitabaki na wabunge 10 akasema ikiwa kweli atakula kofia yake, wakapata 8. Wala kifo chake Desemba 2018.

Kiingereza chake hakisumbui, sekondari inatosha. Kama uko bize anzia 1976 anaporudi Yeovil, ya Borneo utarudia ukipata likizo.