Saa janja kwa kijana wa sekondari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kijana wa sekondari akikuomba saa janja, muulize kwanza itaunganishwa na simu ipi. Saa nyingi zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni mkia wa simu. Ujumbe, jina la anayepiga, hata urekebishaji wa saa na tarehe vinatoka kwenye simu iliyo umbali wa mita kumi hivi kupitia Bluetooth. Simu ikibaki nyumbani, mkononi inabaki saa ya kawaida, kihesabu hatua, kipima mapigo ya moyo na kengele. Kijana anayeazima simu ya mama jioni hatafaidi sehemu kubwa ya alicholipia. Wa bweni ndiyo kabisa: simu hairuhusiwi, na soketi za bwenini, kama zipo, ni za kugombania.

Kwamba vijana wanazitaka, hilo halina ubishi. Wanapenda inavyokaa mkononi, wanapenda kusoma ujumbe wa WhatsApp bila kutoa simu mfukoni (kwenye daladala ya saa moja jioni hilo ni jambo la maana, vibaka wanajulikana), na wacheza mpira wanapenda kujua wamekimbia kiasi gani. Kumudu ndiko kunakohitaji hesabu. Mwanafunzi wa kutwa akiweka kando shilingi 500 kila siku ya shule, kwa wiki anapata 2,500. Saa ya 30,000 ataifikia kwa wiki 12. Ya 100,000 ni wiki 40, yaani mwaka wa masomo unaisha ndipo anainunua. Ndiyo maana wengi huishia kwenye kopi ya 30,000, inakufa kabla ya mwaka, wananunua nyingine, nayo inakufa. Kopi tatu tayari ni bei ya bangili janja moja nzuri, yaani saa janja nyembamba.

Bei tunazotaja hapa ni makadirio ya Dar es Salaam. Zinapanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo zichukue kama ngazi tu.

Ya kwanza: bangili janja ya kampuni inayojulikana (90,000 hadi 150,000)

Kwa kijana wa kutwa mwenye simu yake ya Android, tunaanza hapa bila kusita. Xiaomi Smart Band 8 ina betri ya mAh 190 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) na Smart Band 9 ina mAh 233. Kampuni inazitaja kwa siku 16 na 21. Ukiwasha vipimo vyote na kioo kisichozimika, hesabu nusu ya hizo au pungufu, na bado ni zaidi ya wiki bila chaja. Kioo ni AMOLED, aina yenye mwanga mkali, cha inchi 1.62, kinasomeka juani. Samsung Galaxy Fit3, iliyotoka Februari 2024, ina kioo cha inchi 1.6 na betri ya mAh 208. Hiyo haikubali iPhone kabisa, na simu ya Android iwe toleo la 10 kwenda juu. Xiaomi zinakubali Android 8 kwenda juu na iPhone pia.

Zote hizi zina alama ya 5 ATM, yaani unaweza kuogelea nazo. Saa iliyoandikwa IP67 tu imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kina cha mita moja, dakika 30. Kunawia mikono sawa, kupiga mbizi Kigamboni hapana. Hata ile ya 5 ATM, ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba, kwa sababu chumvi ikikauka inakula vidude vya chuma vya kuchajia vilivyo mgongoni. Na usioge nayo kwa maji ya moto na sabuni: joto hulegeza mpira unaozuia maji, sabuni humalizia kazi.

Dukani utakutana na toleo la China na toleo la kimataifa. La China huwa nafuu, boksi limeandikwa Kichina, na bangili inaweza kuwaka kwa Kichina mpaka uiunganishe na simu. Halina ubaya. Ila usilipe zaidi kwa sababu muuzaji anasema “hii ina NFC ya kulipia”, yaani kulipa kwa kugusisha saa kwenye mashine. NFC ya toleo la China ni kwa ajili ya huduma za malipo za China. Haitakulipia chochote kwa M-Pesa.

Lalamiko linalorudisha wateja dukani kuliko yote ni hili: “Ilikuwa inaleta meseji, sasa haileti.” Saa haijaharibika. Tecno, Infinix, itel na Xiaomi zina kawaida ya kuzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na programu ya saa inazimwa pamoja nazo. Fanya hivi: fungua Mipangilio ya simu, nenda kwenye Programu, chagua Mi Fitness, programu ya saa za Xiaomi (au programu ya saa yako), kwenye Betri ondoa vizuizi vyote. Ruhusu ijiwashe yenyewe simu inapowaka. Kisha tafuta sehemu ya ufikiaji wa arifa na uipe ruhusa. Mwisho fungua orodha ya programu za karibuni na uifunge kwa alama ya kufuli, ili isifagiliwe ukibonyeza “futa zote”. Ukiruka hatua moja, taarifa zitafika siku mbili kisha zitakata.

Ya pili: saa ya kupokelea simu (60,000 hadi 160,000)

Hapa kuna Oraimo kwa bei ya chini na Redmi Watch 3 Active au 5 Active juu yake. Zina spika na kipaza sauti, kijana anaongea mkononi. Oraimo ina faida moja ambayo haiandikwi kwenye boksi: iko familia moja na Tecno na Infinix, na vituo vya matengenezo vya Carlcare vinaihudumia. Ukiwa na risiti yenye tarehe, una mahali pa kwenda. Kwa hiyo dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hata kama muuzaji anakupunguzia 3,000 ili asiitoe.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba saa hizi zina miunganiko miwili ya Bluetooth. Wa kwanza unafanywa ndani ya programu na unaleta ujumbe na hatua. Wa pili ni wa sauti, na mara nyingi unatakiwa kuufanya mwenyewe kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, ambako jina la saa hutokea tena. Usipofanya wa pili, saa itaita lakini hutasikia kitu. Ukiufanya, kumbuka sauti yote ya simu inahamia kwenye spika ya saa, na abiria wenzako watasikia mama anavyouliza uko wapi. Kwenye gari, zima ule wa sauti.

Betri hapa inategemea maongezi. Redmi Watch 5 Active ina mAh 470 na inatajwa kwa siku 18, lakini kijana anayeongea nayo kila siku asitegemee hizo. GPS yake mwenyewe haina. Inaazima ya simu, kwa hiyo mkimbiaji atabeba simu.

Ya tatu, na kwa wa bweni ni ya kwanza: Casio ya kawaida

Si janja, lakini ndiyo saa sahihi kwa mtoto wa bweni. Casio F-91W imekuwa sokoni tangu 1989, ina kengele, saa ya kuhesabia sekunde na taa ndogo. Betri yake ni CR2016, inakaa miaka 7 hivi. Hakuna chaja, hakuna simu, na ikiibwa hasara si kubwa. Kwenye maji vumilia mvua na kunawa, usizame nayo, wala usibonyeze vitufe vikiwa vimelowa. Feki zimejaa. Bonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu: orijino inaandika neno CASIo kwenye kioo. Feki nyingi haziandiki, ingawa zipo zilizoiga hata hilo, kwa hiyo tazama pia kama maandishi ya mgongoni yamekandamizwa vizuri kwenye chuma.

Jambo la mitihani liingie hapa. Karatasi za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huandikwa wazi kwamba vifaa vya mawasiliano haviruhusiwi kwenye chumba cha mtihani. Saa janja ni kifaa cha mawasiliano, hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa ni kopi isiyopokea kitu. Mtoto wa kidato cha nne aiache nyumbani siku hiyo. Usimwachie msimamizi uamuzi huo.

Ya nne: Apple Watch au Galaxy Watch iliyotumika (200,000 kwenda juu)

Inawezekana, kwa masharti. Apple Watch inataka iPhone, hakuna njia ya pembeni. Hata mwenye iPhone anaweza kukwama: saa iliyokwisha kupandishwa hadi watchOS 10 (toleo la mfumo wa saa hizo) inataka iPhone XS, XR au mpya zaidi. Vijana wengi wana iPhone 7, 8 au X za mtumba. Wanapeleka saa nyumbani na haikubali. Angalia simu kwanza, halafu tafuta saa.

La pili ni kufuli la mmiliki. Saa ikiwa bado imefungwa kwenye akaunti ya mtu wa kwanza, bila nywila yake ni kipande cha kioo. Mwambie muuzaji, “Kaka, naomba uiunganishe na simu yangu hapa hapa mpaka ifike kwenye uso wa saa, ndipo nilipe.” Akisema utaimalizia nyumbani, ondoka. Kisha kwenye saa fungua Mipangilio, Betri, Afya ya Betri. Apple wanaitaja kwa saa 18 ikiwa mpya, kwa hiyo ya asilimia 78 inabaki na saa 14 hivi: kijana aliyetoka saa kumi na moja alfajiri itamzimikia kama saa moja jioni.

Galaxy Watch 4 ya mwaka 2021 na zilizofuata ni za Android tu. Chaji ni ya kila siku au siku moja na nusu. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika mara kwa mara, hilo peke yake linatosha kurudi kwenye bangili.

Ya tano: saa yenye laini yake

Hizi ni za watoto wadogo zaidi kuliko vijana. Zinaingia laini ya simu na mzazi anafuatilia mahali kwa programu, nyingi kwa SeTracker. Za bei ya chini hazisomi GPS vizuri ndani ya majengo na hukisia mahali kwa minara ya simu, kosa likifika mamia ya mita. Usalama wa taarifa ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Mwaka 2017 baraza la walaji la Norway lilionyesha kwamba baadhi ya saa za watoto zingeweza kuingiliwa na mtu baki, na Novemba mwaka huo Ujerumani ikapiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri. Ukinunua, badilisha nywila ya mwanzo siku hiyo hiyo, mara nyingi ni 123456. Laini itasajiliwa kwa jina la mzazi, maana mtoto kwa kawaida hana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa.

Ya mwisho: kopi za “Ultra” (zinazoiga Apple Watch), T500, D20 na wenzake (15,000 hadi 45,000)

Usinunue kama unataka vipimo. Nunua kama pambo tu, ukijua hivyo. Boksi litakuambia inapima shinikizo la damu na hata sukari. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya tarehe 21 Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isiguse kitu hicho.

Jaribu hili dukani, linachukua dakika mbili. Washa kipimo cha moyo, taa ya kijani ikiwaka ilaze saa juu ya pakiti ya tishu. Nyingi zitasoma 72 au 80 kana kwamba tishu ina moyo. (Hata saa nzuri inaweza kudanganyika mara moja. Rudia mara tatu, na ikitoa namba nzuri kila mara, irudishe.) Vaa, hesabu hatua 100 kwa mdomo mpaka mlangoni na kurudi. Saa njema inapishana chache, kopi inaweza kuandika 60 au 150. Toka nayo juani uone kama kioo kinasomeka. Changanua msimbo wa QR uliomo kwenye boksi: ukikupeleka kupakua programu nje ya Play Store, iache. Za D20 hutumia FitPro, ambayo ipo Play Store, lakini ruhusa za majina ya simu (contacts) na meseji inazoomba zisome kabla ya kukubali.

Kabla ya kulipa kwa saa yoyote ya hapo juu, tazama chaja. Karibu kila modeli ina yake, pini mbili zenye sumaku kwa umbali wake, na ya jirani haiingii. Maelekezo ya nyingi yanataka 5V/1A, kwa hiyo tumia kichwa cha kawaida cha simu ya zamani. Muulize muuzaji kama anauza chaja hiyo peke yake. Kama hana, itafute duka jingine na ununue ya pili mapema, modeli ikiwa bado ipo sokoni.