Let's Get Out of This Country ya Camera Obscura, uzoefu wangu baada ya kukaa nayo muda

Naanza na jibu ili mwenye haraka apite: albamu ni nzuri, nunua. Ila kama unatafuta muziki wa kulia umejifunika shuka basi hii siyo, mana watu wakisikia bendi ya magitaa ya Uskoti yenye majonzi wanajiandaa na leso kabisa, halafu wimbo wa kwanza unaingia na kinanda kimechangamka mpaka mguu unaanza kutingishika wenyewe, na dada anayeimba wala hapandishi sauti, anakupa mambo ya kuumiza taratibu tu, hana presha, hakulazimishi umuonee huruma. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya zilipendwa, mzee alikuwa anapiga Shida ya Mbaraka Mwinshehe watu wanacheza na huku wanaimba matatizo, kwaiyo hii staili ya huzuni yenye miguu sikuhitaji kufundishwa.

Kwa wasiowajua, Camera Obscura ni bendi ya Glasgow, wapo tangu 1996, na mtunzi na mwimbaji wao ni Tracyanne Campbell. Hii ni albamu yao ya tatu, ilitoka Juni 2006 chini ya Elefant, lebo ya Hispania (ndio, bendi ya Glasgow imechukuliwa na Wahispania, na Marekani ikatolewa na Merge). Kabla ya hapo walikuwa na mbili, Biggest Bluest Hi Fi ya 2001 na Underachievers Please Try Harder ya 2003, na kila aliyekuwa anawaandika alikuwa anawataja kama wadogo wa Belle and Sebastian, bendi nyingine ya hapa Glasgow, tena haikusaidia kwamba Stuart Murdoch wa Belle and Sebastian ndo aliprodyuzi wimbo wao wa Eighties Fan. Zile mbili za mwanzo nimezisikiliza, ni nzuri ila ni za watu wenye aibu, unasikia kabisa kwamba wanaogopa kuamsha majirani. Na mule kulikuwa na mwimbaji mwingine wa kiume, John Henderson, wanapokezana. Kufika hii ya tatu yule jamaa keshatoka, Tracyanne anabaki peke yake mbele, na nadhani hilo lilimsaidia, mana mtu ukishabaki mwenyewe kwenye maiki hamna pa kujificha.

Mimi naishi hapa hapa Glasgow, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na aliyenitajia hii bendi ni mama mmoja tunafanya naye zamu, kanikuta nasikiliza magitaa ya zamani ya kwetu kwenye simu akasema we utaipenda hii. Nikaipiga kwenye sabwei, treni ya chini ya ardhi, nikienda nyumbani. Sabwei ya hapa ni duara, inazunguka mjini na kurudi ilikoanzia kwa dakika kama 24, na albamu ni nyimbo kumi zinazogusa dakika 40, so nilipofika stesheni yangu bado kidogo nifike katikati, nikaamua kutoshuka. Zamu ya usiku imenimaliza mwili, nina njaa, na bado sijashuka, we jumlisha mwenyewe.

Sasa twende kwenye nyimbo. Ya kwanza inaitwa Lloyd, I'm Ready to Be Heartbroken na ina historia yake tamu. Mwaka 1984 Lloyd Cole na kundi lake la the Commotions, bendi iliyoanzia hapa hapa Glasgow, walitoa albamu ya Rattlesnakes, ndani yake kuna wimbo anauliza kama uko tayari kuvunjwa moyo. Ikapita miaka zaidi ya ishirini hamna aliyemjibu, halafu huyu dada anakuja anamjibu kwa jina, Lloyd mimi niko tayari. Yani kama ulikulia na mipasho unaelewa raha ya mtu kujibiwa kwa wimbo, tofauti ni kwamba hapa hamna ugomvi, anajibu kwa kukubali yaishe, anakiri kwamba kwa sasa haoni mbali zaidi ya pua yake. Na muziki chini yake umejaa, kinanda, nyuzi, ngoma zinakimbia, ukiusikia dukani bila kushika maneno unaweza kudhani ni wimbo wa mtu aliyechumbiwa juzi.

Hapo ndo naona kazi ya prodyuza. Walienda kurekodi Uswidi na Jari Haapalainen, ambaye ni mtu wa bendi ya The Bear Quartet, na huyu jamaa akawafungulia madirisha. Kila kitu kina mwangwi, gitaa lina mwangwi, ngoma zina mwangwi, sauti ya dada ndo usiseme, kama wamerekodi kwenye ukumbi mkubwa viti vimetolewa. Ni sauti ya zile nyimbo za vikundi vya wasichana wa Marekani miaka ya sitini, ngoma inapiga nzito na tarumbeta linapita kwa mbali. If Looks Could Kill ndo mfano mzuri, ile ngoma ya mwanzo ukiisikia tu unajua hawa watu wamesikiliza Motown, ile lebo ya soul ya Marekani, mpaka basi, na ukiwa jikoni unaosha vyombo huo wimbo utamaliza vyombo vya jirani. Wimbo wenyewe unahusu wivu na macho ya kuuana lakini nani ana habari.

Wimbo wenye jina la albamu ndo uliniweka kiti moto. Kwa juu ni wimbo wa mtu anamwambia mwenzake tuondoke kwenye hii nchi, twende tukatafute mji wenye kanisa kubwa la kale, we uwe mtanashati mi niwe mrembo, maisha yaanze upya. Uko mwepesi, unaruka ruka, gitaa linameta. Mimi nimetoka nchi yangu nimekuja kwenye nchi ambayo huyu anataka kuikimbia, so mara ya kwanza nilicheka kabisa kwa sauti, nikasema dada yangu subiri kwanza, mimi ndo nimefika, unaenda wapi. Halafu ukiendelea kusikiliza unakuta kuna mahali anakiri kwamba kilichomchosha ni yeye mwenyewe. Anasema kachoka na nafsi yake. Ah. Hapo kicheko kiliisha mana hilo ndo jambo ambalo sisi tuliohama hatuambiani kwenye simu na nyumbani, unapanda ndege na begi la kilo 23 na yule uliyekuwa unamkimbia amekaa siti yako mwenyewe. Unafika Glasgow, unapata kazi, unanunua koti zito, unatuma hela, na ukiamka Jumapili huna zamu unakuta bado ni wewe yule yule. Na huyu dada analisema hilo kwa melodi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuiimba, wala hakai hapo kukuhubiria, anataja, anapita, anarudi kwenye kiitikio cha tuondoke tuondoke. Kwangu hiyo ndo siri ya albamu nzima, lile jambo zito anakupa pembeni, ukiwa umeshaanza kucheza.

Country Mile ni ya pili kwa ubora kwangu, na hii haichezeki, hii ni polepole, mtu anamwambia mwenzake kwamba hawataonana muda mrefu. Basi. Hamna fumbo. Mimi nina watu nimewaacha Tanga kwaiyo siwezi kuijaji kwa haki, naipa kumi na tunaendelea.

Tears for Affairs ni laini, ya kusikiliza unapika. Come Back Margaret inarudi kwenye yale mambo ya vikundi vya wasichana wa sitini. I Need All the Friends I Can Get ni ya kuamshia watu, na jina lake linaeleza kila kitu. Kisha albamu inafungwa na Razzle Dazzle Rose, inaenda mdogo mdogo, tarumbeta la Nigel Baillie linachukua nafasi, na hawana haraka ya kumaliza kabisa, kuna siku naipenda sana na kuna siku naona wangekata mapema.

Kuna wimbo unaitwa Dory Previn, huo nataka niuseme kidogo mana bila kujua historia unaweza kuupita. Dory Previn alikuwa mtunzi wa nyimbo wa Marekani, mumewe alikuwa André Previn, mwanamuziki mkubwa tu, akamuacha akaenda kwa mwigizaji Mia Farrow, na Dory badala ya kunyamaza akaandika wimbo mwaka 1970 wa kuwaambia wanawake wajihadhari na mabinti wadogo, kila mtu akajua anamsema nani. Taarabu tupu. Sasa kwenye huu wimbo Tracyanne yuko safarini na bendi, anamfungulia Dory kwa sauti ya juu kabisa, huku anajaribu kumtoa mwanaume fulani kichwani. Mwanamke aliyeumia anajitibu kwa sauti ya mwanamke mwingine aliyeumia kabla yake, na gitaa limekaa kikantri hivi, linavuta vuta. Ni wimbo mzuri sana ila haujitangazi, upe nafasi.

Malalamiko yangu sasa, mana siyo kwamba nimelipwa. Kwanza huo mwangwi ninaousifia unameza maneno. Ukichanganya na lafudhi yake, na hapa nipo kila siku na lafudhi za Glasgow nimeshazizoea, bado kuna mistari ilibidi nitafute maneno yake nisome, na huu ni muziki ambao nusu ya utamu ni maneno. Pili katikati panalala. Dory Previn ni ya polepole na inayofuata, The False Contender, nayo ni ya polepole, inayumba yumba kwa mapigo ya tatu tatu, yani walipaswa kuzitenganisha, nikiwa nimechoka hapo ndo nasinzia kabla wimbo wenye jina la albamu haujaja kuniamsha. Tatu ni dada mwenyewe: haimbi kwa kupanda na kushuka, ukizoea waimbaji wa kanisani wanaorarua paa utaona kama hajaribu. Mimi naona ndo uzuri wake lakini nimempa rafiki yangu mmoja asikilize akaniuliza huyu anaumwa au, so jua unachonunua.

Kuhusu kununua kwenyewe. Nilianza kwa kustrimu kama kila mtu, na nikikwambia ukweli kwenye spika ya simu hii albamu inakuwa uji, besi ya Gavin Dunbar inapotea yote na kile kinanda kinabaki kupiga kelele. Weka hedifoni za maana au spika hata kama ni ndogo. Baadae nikatafuta santuri, ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja hivi, ikaja imejikunja, sindano inapanda mlima inashuka, na muuzaji akawa ananijibu kwa kunikatia katia, nikaachana naye. Nyingine nikaipata mkononi hapa hapa mjini, nimeikagua kabla sijatoa hela, na hiyo ndo ushauri wangu kwa santuri za zamani, ishike, iinamishe kwenye taa, uone mwenyewe. Kama huna mashine ya santuri usijitese, sidii yake ya mtumba inatosha na inasikika safi.

Kitu kimoja kinachobadilisha usikilizaji wangu siku hizi ni kile kinanda. Aliyekuwa anapiga ni Carey Lander, na alifariki Oktoba 2015 kwa saratani ya mifupa, ana miaka 33. Alikuwa ameugua tangu 2011, na mwishoni akawa anachangisha pesa kwa ajili ya utafiti wa hiyo saratani huku mwenyewe hali yake ni mbaya. Sasa rudi usikilize ule mwanzo wa Lloyd, ile furaha yote iliyoko pale, ni vidole vyake. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya msiba bendi ilikaa miaka bila albamu mpya, hadi 2024 ikatoa Look to the East, Look to the West, wamemrudia tena yule yule Jari Haapalainen, na ndani kuna Sugar Almond, wimbo wa kumkumbuka Carey. Hiyo ni albamu ya watu wazima, imetulia, sikiliza baadae. Ukitaka inayofanana na hii ya 2006 chukua My Maudlin Career ya 2009, prodyuza ni huyo huyo, ina French Navy ambayo huenda ushaisikia mahali bila kujua ni ya nani, ila nyuzi zimezidi kidogo kwa masikio yangu. Desire Lines ya 2013 walienda kurekodi Portland, ni safi mno, mwangwi umepungua na mimi mwangwi naupenda na lawama zangu zote. Kwaiyo kama hela yako inatosha moja tu chukua hii, na kama muuzaji anakuuzia pamoja na ile ya 2009 mpunguzishe bei uchukue zote mbili.