Kozi ya maarifa asilia chuoni, nawapa nyota 3

Nimeimaliza muhula uliopita. Aisee wiki ya mitishamba ilinikamata, mhadhiri akaeleza vile mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alivyosoma maandishi ya kale ya Kichina akakuta mmea unaloekwa na kukamuliwa, hauchemshwi, ndo akapata wazo la kukwepa moto mkali mpaka ikapatikana artemisinini, dawa ya malaria, tuzo ya Nobel 2015 hiyo! Nyota zote 3 ni za hapo. Sasa wazee wenye maarifa yenyewe waliitwa siku moja tu, dakika 20, mmoja bado anaonyesha namna ya kubandua gome bila kuua mti, kisu kiko mkononi, mara projekta ikawashwa eti muda umeisha 😒 alafu mtihani wote wa kuchagua a, b, c