Bakteria wa kupaka mbegu za maharagwe: uzoefu wangu hapa Vihiga

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu ya maandishi ya kwenye pakiti: Kiingereza kitupu, herufi ndogo za kutafutiwa miwani, na wanunuzi wenyewe ni sisi wa robo ekari.

Kwa wasiojua shida ya huku, kuoza kwa mizizi kuliwafanya watu wengi wa Vihiga na Kakamega waache kupanda maharagwe miaka ya 1990. Ugonjwa haujaondoka. Mche unachipua vizuri, mvua ikizidi majani yanageuka manjano. Ung'oe uone: ganda la mzizi linachomoka kama soksi, unabaki uzi mweupe. Huyo ni Pythium, kijidudu wa udongoni anayefanana na kuvu. Ukikuta michirizi ya wekundu wa kutu kwenye mzizi mkuu, ni Fusarium, huyo ni kuvu. Mara nyingi wanakuja pamoja.

Nilichonunua ni unga wa Bacillus subtilis. Unalowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, unachanganya kivulini, unapanda siku hiyo hiyo. Bakteria wanatanda kwenye mzizi tangu ukiwa mchanga, wanakula utomvu wake na kutoa sumu zinazotoboa chembe za kuvu. Kwa hiyo ni kinga. Jirani yangu aliumwagia maharagwe yaliyokwisha kuwa manjano, sasa anatangaza kwamba ni utapeli. Mzizi uliooza hauponi, mama.

Upande wa juu wa shamba niliacha mistari kadhaa bila kupaka. Hiyo ilijaa mapengo. Iliyopakwa ilisimama mpaka ikaweka maganda. Kule chini karibu na kijito, yote yalioza sawasawa, yaliyopakwa na yasiyopakwa. Mbegu za Pythium huogelea, na udongo uliotuama maji ndio barabara yao. Bila matuta, pakiti hiyo ni pesa umetupa.

Sifa zote pia nisiwape bakteria. Nyingi ya mbegu zangu zilikuwa KK8, aina iliyotolewa na watafiti wa Kakamega kwa sababu ya ugonjwa huu huu. Rosecoco ya sokoni niliyoipaka ilipata nafuu, lakini haikuifikia KK8 ambayo haikupakwa kitu.

Mkienda agrovet, msiseme tu "nipe bakteria wa maharagwe." Mimi nilipewa rhizobia kwanza. Hao ni wa vinundu vya mizizini, wanaipa mimea naitrojeni. Kuoza si kazi yao. Someni jina la bakteria kwenye pakiti kabla ya kulipa. Tena rhizobia wanakufa upesi wakikaa juani, ilhali Bacillus hujifunga ndani ya kijiganda kigumu na kuvumilia ukavu, hivyo pakiti ya dukani kwetu kijijini haikunitia wasiwasi.

Msimu ujao nanunua tena, lakini ya kutosha upande wa juu tu. Kule kwa kijito nimeshaamua kupanda nduma.