Fundi wa spika, Maweni, Malindi: besi imerudi na wufa ni ileile

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia, na sababu nitaitaja mbele.

Nina gari la abiria aina ya Noah, nalo ndilo linalonilisha mimi na wanangu. Siku za kawaida nachukua wageni uwanja wa ndege wa Malindi nawapeleka Watamu, lakini pesa yenyewe iko kwenye harusi. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia silali. Nabeba kina mama wa kupamba, nabeba masanduku ya bibi harusi, nabeba wasichana wa chakacha na leso zao kiunoni, na hao hawapandi gari lisilo na mdundo. Chakacha isiyo na besi haichezeki. Kiuno hufuata ngoma ya chini, hakifuati sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana miaka mitatu nyuma nilitoa pesa nikafungiwa wufa, ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12 ndani ya sanduku lake, na amplifaya, mashine ya kuipa sauti nguvu, chini ya kiti cha nyuma kabisa.

Mwezi uliopita besi ikaanza kunisumbua. Nikiweka sauti ya chini inasikika vizuri. Nikipandisha, inapiga mara mbili tatu halafu inakata, zinabaki spika za milangoni peke yake, sauti nyembamba kama redio ya jikoni. Dakika moja baadaye inarudi. Nikaingia duka moja hapa mjini, jina silitaji. Kijana aliyekuwepo akaitoa wufa sandukuni, akainusa, akanambia imeungua na amplifaya nayo imekwisha. Vyote viwili vipya, 18,500. Nikamwambia pesa hiyo sina. Akairudisha wufa mahali pake, akakaza skrubu, akachukua 500 ya kuangalia. Nilipowasha redio njiani, besi haikuwepo tena hata chembe, hata kwa sauti ya chini. Nikaamini kweli imeungua, na usiku ule nilikaa kitandani nikipiga hesabu ya harusi tatu nilizokwisha kuchukua arubuni.

Dereva mwenzangu wa tuktuk ndiye aliyenielekeza Maweni. Kibanda chenyewe hakina kibao. Ni cha mabati, na mlangoni ametundika spika kuukuu isiyo na ile karatasi yake inayotetemeka, imebaki sumaku na kikapu chake cha chuma. Ukifika mtaani uliza fundi wa spika, hata watoto watakupeleka.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakugusa gari kwanza. Aliniuliza.

"Mama, ilikatika ghafla ama ilianza kudhoofika?"

Nikamweleza yote, hadi kuhusu lile duka.

"Na kabla ya kwenda dukani, ilikuwa ikikata halafu inarudi yenyewe?"

"Ndiyo, babangu."

"Basi hapa kuna makosa mawili, si moja. Koili, ule waya uliosokotwa ndani ya spika, ikiungua hairudi. Yako ilikuwa inarudi."

Hilo neno peke yake lingeniokolea siku nne za wasiwasi kama yule wa kwanza angelisema.

Akaanza na redio. Akaingia kwenye mipangilio kuona kama wufa haikuzimwa humo, maana betri ikitolewa redio nyingine husahau kila kitu. Ilikuwa imewashwa. Akachomoa waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, akachomeka simu yake mwenyewe kwa waya mwingine, akapiga wimbo. Kimya kilekile. Redio na waya zake zikatoka kwenye kesi. Fyuzi ya karibu na betri akaipima kwa testa, kile kipimo cha umeme, badala ya kuitazama tu kwa macho, ikawa nzima. Taa ya amplifaya ilikuwa ya kijani, kwa hivyo umeme ulikuwa unafika na waya wa kuiwasha ulikuwa sawa.

Halafu akatandika gunia chini ya mlango, akaitoa wufa, akailaza juu yake.

Hapa nilikuwa nimesimama karibu sana, nikaona kila kitu. Alitandaza vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kile kifuniko cha katikati, akasukuma karatasi chini polepole, sawasawa pande zote, akaiachia ipande. Akafanya tena. "Inama, mama, weka sikio." Nikainama. Hakuna kilichokwaruza, ilikuwa pumzi ya hewa tu. Akanambia koili iliyoungua huvimba ikasugua kwenye sumaku, na sauti yake ni kama msasa juu ya ubao. Wufa yangu ina koili mbili. Akazipima moja moja, kila moja ikasoma ohomu 3.7 (ohomu hupima jinsi waya unavyozuia umeme), na maandishi ya mgongoni yanasema ni ya ohomu 4, kwa hivyo ziko pale zinapotakiwa. Mwisho akaingia ndani ya kibanda, akatoa betri ndogo ya saa ya ukutani, akagusisha nyaya mbili. Karatasi ikaruka juu, tk, ikakaa pale hadi alipotoa waya. Koili ya pili vilevile.

"Nzima hii. Utaitumia mpaka uuze gari."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa pale nikamshukuru Mungu. 18,500 ni ada ya muhula wa mwanangu.

Akairudisha sandukuni, akaunganisha nyaya vilevile alivyozikuta, akapiga wimbo. Bado hakuna kitu. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona fundi akilifanya. Badala ya kuongeza kitu, akapunguza. Alichomoa waya mmoja wa koili ya pili, na papo hapo mdundo ukaingia! Nyaya zimepungua, sauti imezidi. Nikamwangalia. Akanieleza kwa mikono yake, akaweka viganja vikikabiliana: yule wa dukani alipoirudisha wufa alizigeuza nyaya za koili moja, ya chanya akaiweka penye ya hasi. Koili moja ikawa inasukuma karatasi mbele, ya pili inaivuta nyuma kwa nguvu ileile, karatasi ikabaki imesimama. Na testa haiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu ohomu husoma sawa hata ukigeuza. Ndiyo maana alichomoa waya akasikiliza. Akazigeuza zikakaa sawa, besi ikarudi nzima.

Mimi nilishatoa simu nilipe. Akanikataza. "Hilo ni lao. La kwako bado."

Na kweli, alipopandisha sauti, ikapiga mara tatu ikakata, taa ya amplifaya ikageuka nyekundu.

Akaniambia niwashe injini, akapima. Kwenye betri volti 14.1. Kwenye amplifaya, muziki ukiwa chini, 13.9. Akapandisha sauti huku testa imeshika palepale, na namba zikaanza kuporomoka mbele ya macho yangu hadi 10.2, ikakata. Amplifaya ikikosa umeme wa kutosha hujizima yenyewe kujilinda, kisha ikipumzika inarudi. Ule ndio ulikuwa ugonjwa wangu wa mwezi mzima. Kilichobaki ni kujua umeme unapotelea wapi. Akavuta waya mrefu, ncha moja ya testa akaiweka kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye athi ya amplifaya, yaani waya wake wa kurudisha umeme kupitia chuma cha gari, nikapandisha sauti mimi mwenyewe. Ikasoma volti 3.1. Akasema hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri.

Akainua zulia la nyuma.

Ndugu zangu wenye magari ya pwani, inueni mazulia yenu. Chini ya langu palikuwa na unyevu na chumvi nyeupe imeganda pembeni. Mimi nabeba wageni wanaotoka kuoga baharini Watamu, wanaingia na nguo zinachuruzika, na maji yale yote yalikuwa yakishuka hapo, miaka mitatu. Waya wa athi ulifungwa na bolti juu ya rangi ya gari, rangi haikukwanguliwa, na kutu imejaa mzunguko mzima. Ncha ya waya ilikuwa kijani. Fundi alikata inchi moja, ndani bado kijani. Akakata nyingine, nyuzi nyeusi zinavunjika kama nywele zilizoungua. Mara ya tatu ndipo shaba nyekundu ikatokea, na kufikia hapo waya haukufika tena.

Hakurudi kwenye tundu lile la zamani. Alichagua mahali pengine palipoinuka, mbali na maji, akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Akaweka waya mpya wa shaba, mfupi, mnene sawa na ule wa betri, washa yenye meno, bolti, nati, akakaza kwa spana mpaka mkono ukatetemeka. Baada ya kukaza, si kabla, akapaka Vaseline pande zote ili hewa ya chumvi isiingie. Akapima tena tukiwa na sauti juu: 0.1.

Kisha akaniachia nichague wimbo. Niliweka chakacha. Kioo cha ndani kikatetemeka, tasbihi niliyoitundika ikawa inagonga kioo cha mbele, na wale watoto waliokuwa wakicheza kando wakaja mbio kucheza mlangoni. Haikukata tena, nilipandisha mpaka mwisho wa ninachovumilia.

Nilimwomba aongeze ile skrubu ya gain kwenye amplifaya, nikidhani ndiyo nguvu. Akakataa katakata. Akasema ile si ya sauti, ni ya kulinganisha redio na amplifaya, na watu wakiikaza mpaka mwisho mawimbi ya sauti hukatika vichwa na hapo ndipo koili huungua kweli. Akaiteremsha kidogo kuliko nilivyokuja nayo. Sauti haikupungua, ikawa safi zaidi. Zamani ikipiga chini kabisa ilikuwa na mkoromo ambao nilikuwa nimeuzoea.

Malipo: kazi 1,500, waya na bolti na vichwa vya waya 600. Jumla 2,100, kwa M-Pesa.

Jambo jingine la kumsifu. Alipokuwa chini ya boneti alikwangua kwa wembe ncha ya waya mkubwa unaotoka kwenye betri. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Akanionyesha kuwa hata baada ya athi kukaa sawa, karibu nusu volti bado inapotea njiani kwenye waya huo, kwa sababu alumini haipitishi umeme kama shaba na hutakiwa iwe nene zaidi kwa kazi ileile. Mtu mwingine angeniambia lazima ubadilishwe leo. Yeye alisema, "Utakusogeza, mama. Ukipata nafasi nunua mita 6 za shaba tupu, na kabla hujalipa mwambie muuzaji akukwangulie ncha uone." Waya wa kuniuzia alikuwa nao pale pale ukutani.

Sasa ile nyota moja. Hana kivuli. Gari lilisimama juani tangu saa nne asubuhi, na mimi juu ya tairi, mpaka baada ya alasiri. Yuko peke yake, na kila anayepita na spika mkononi humkatiza, naye hajui kumwambia mtu asubiri zamu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja baada yangu akaondoka kabla yangu. Simu hapokei akiwa kazini, na sikuona siku anayokuwa hayuko kazini. Zulia langu limebaki na unga wa chuma na vipande vya waya ambavyo nilivitoa mwenyewe jioni kwa mkono, kimoja kikanichoma. Na risiti hana. Mimi natunza daftari la gari, kila shilingi naiandika, kwa hivyo nimebaki na ujumbe wa M-Pesa tu. Udhamini wake ni wa mdomo: ikikata ndani ya miezi mitatu nirudi bure. Namwamini, ila mwanangu, nunua kitabu cha risiti. Kinauzwa kila duka la vifaa vya shule.

Ijumaa hufunga kabla ya swala na hufungua akishakula. Siku nyingine nenda mapema, jua halijakaza, na uende na maji ya kunywa.

Harusi ya kwanza baada ya matengenezo ilikuwa Mambrui. Tulivuka daraja la Sabaki na wasichana kumi wa chakacha, wote wakiimba, na kutoka Malindi mpaka mlangoni kwa bibi harusi haikukata hata mara moja. Wiki ijayo, Mungu akipenda, namrudia na ule waya wa shaba. Nimeshaununua, na nilimwambia muuzaji akwangue.